Kodi ya Mwendo na Kodi ya Moshi

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo, barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina stesheni yake hapo. Viazi, mbao, chai na makaa ya mawe vitokavyo nyanda hizo kwenda pwani, vingi hupita katika mlango huo mmoja. Mji huo una mizani. Lori lenye uzito wa tani tatu na nusu au zaidi halina budi kupanda juu yake, likapimwa ekseli kwa ekseli, na likizidi kiasi kilichowekwa hutozwa. Dereva hunung'unika, mwenye mali hukasirika, walakini hapana awezaye kusema kwa haki kuwa mizani hiyo ni dhuluma. Uzito ndio unaobomoa barabara, uzito ndio unaopimwa, na uzito ndio unaolipiwa. Mizani hutoza kile inachokipima.

Kanuni hiyo ni nyepesi hata mtoto huielewa. Ajabu ni kwamba imesahauliwa na watu wazima wenye elimu katika jambo kubwa la zama hizi, nalo ni namna ya kutumia kodi ili kuilinda hewa. Wapo wasemao kuwa Tanzania haina haja ya kodi ya hewa ya ukaa, ambayo wengine huiita kodi ya kaboni, kwa sababu nchi tayari hutoza mafuta. Na kwa kuwa mafuta hutoa moshi, kutoza mafuta ni kutoza moshi. Hoja hii husikika katika semina, huandikwa katika tasnifu, na hurudiwa mpaka ikaonekana kuwa kweli. Si kweli. Kodi ya mafuta ni kodi ya mwendo. Kodi ya hewa ya ukaa ni kodi ya moshi. Mbili hizi hufanana kwa umbo kama vile chumvi na sukari zifananavyo kwa rangi, na atakayetia moja mahali pa nyingine ataijua tofauti wakati wa kula.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, maana lugha ya Kiswahili haikuwa maskini katika mambo ya malipo. Ushuru ni neno lililotoka Kiarabu, na asili yake ni hesabu ya sehemu ya kumi: ni fungu la mtawala katika mali ipitayo. Ada ni malipo ya huduma ijulikanayo. Mrabaha ni fungu la mwenye ardhi katika faida ya madini. Tozo ni lile linalotozwa, liwe na sababu au lisiwe nayo. Watu walioyatenganisha maneno haya walijua kuwa kila malipo yana sababu yake, na kwamba sababu ndiyo humpa mlipaji haki ya kuuliza hesabu. Mtu akilipa ada ya barabara ana haki ya kuuliza iko wapi barabara. Akilipa kodi ya moshi ana haki ya kuuliza moshi umepungua kiasi gani. Lakini ukimwambia kuwa malipo yale yale moja ni ya barabara, ni ya umeme, ni ya miradi, na tena ni ya hewa, umemnyang'anya haki ya kuuliza lolote.

Historia ya miaka ya karibuni inatoa ushahidi wa kutosha. Mwaka 2011 ushuru wa bidhaa juu ya mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 na senti 30 kwa lita, na mwaka huo huo ushuru wa dizeli ulipunguzwa. Sababu haikuwa hewa. Sababu ilikuwa uchakachuaji: wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, iliyokuwa ghali, nazo injini za watu zikaharibika. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuyapandisha mafuta ya taa ili wizi usiwe na faida. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya motokaa ilifutwa, na mahali pake shilingi 40 zikaongezwa juu ya kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwenye motokaa akapumzika. Bibi mwenye kibatari, asiyepata kumiliki hata baiskeli, akaanza kumsaidia kulipa leseni.

Baada ya mabadiliko hayo ya mwaka 2017, ushuru wa bidhaa ulisimama hivi: petroli shilingi 379 kwa lita, dizeli shilingi 255, mafuta ya taa shilingi 465. Sasa msomaji na afanye hesabu ambayo watetezi wa hoja ile hawajaifanya. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa; lita ya dizeli hutoa kilo 2.7, lita ya mafuta ya taa hutoa kilo 2.5. Ukigawanya ushuru kwa hewa itokayo, kila kilo ya hewa ya ukaa iliyotoka katika petroli ililipiwa shilingi 165, iliyotoka katika dizeli shilingi 94, na iliyotoka katika kibatari shilingi 186. Hewa ni ile ile moja, wala mbingu haziulizi imetoka katika chombo gani. Lakini moshi wa taa ya maskini ulitozwa karibu mara mbili ya moshi wa lori. Ikiwa hiyo ni kodi ya mazingira, basi iliwekwa na mtu aliyefumba macho.

Atatokea mtu aseme kuwa petroli na dizeli hulipa pia ushuru wa barabara, na kwamba ukiujumlisha, hesabu hubadilika. Hesabu hubadilika, naam, lakini hoja hubaki. Ushuru wa barabara ni malipo ya barabara. Mfuko wa Barabara uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1998 ili lami na madaraja yapate matengenezo, nao ni mfuko wenye heshima. Mwaka 2021 shilingi 100 ziliongezwa juu ya lita kwa ajili ya barabara za mitaani na vijijini. Mwaka 2022 bei za dunia zilipopaa, serikali ilitoa shilingi bilioni 100 za ruzuku ili mafuta yashuke mwezi Juni. Mwaka 2023 shilingi 100 nyingine ziliongezwa kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na pengine sababu njema. Lakini kama bei ya mafuta ndiyo dawa ya hewa, basi mgonjwa huyu alipewa dawa mwaka 2021, akapewa sumu mwaka 2022, na akarudishiwa dawa mwaka 2023, wala hapana mganga aliyepima homa yake hata mara moja.

Turufu kubwa ya hoja hii, hata hivyo, iko palepale mizanini Makambako. Katika wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kuna machimbo ya Ngaka yatoayo makaa ya mawe. Makaa yaendayo viwanda vya kaskazini na pwani hupitia Songea, Njombe na Makambako. Chukua mfano wa lori moja lenye tani 30 za makaa, nalo litumie lita 500 za dizeli katika safari ya kilomita elfu moja hivi. Dizeli hiyo itatoa tani moja na theluthi ya hewa ya ukaa, na kila lita yake imelipiwa ushuru. Lakini makaa yaliyomo mgongoni, yakifika tanurini, yatatoa tani 60 au zaidi. Yaani katika kila sehemu 45 za hewa ya ukaa ambayo lori hilo linaisafirisha, ushuru wa mafuta umeiona sehemu moja. Zile 44 zimepita mizanini zimefunikwa turubai. Mrabaha ulilipwa machimboni, ni kweli, lakini mrabaha hukadiriwa kwa thamani ya madini. Bei ya makaa ikishuka, mrabaha hushuka, na moshi haupungui hata punje.

Nyuma ya lori hilo husimama lori jingine, la viazi vya Njombe. Tuseme lina magunia 100 na litachoma lita 300 mpaka Dar es Salaam. Ile nyongeza ya mwaka 2023 peke yake imelitoza shilingi 30,000, yaani shilingi 300 kwa kila gunia, na fedha hiyo hutoka ama katika jembe la mkulima ama katika sufuria la mnunuzi. Hivyo viazi, ambavyo havina moshi, hulipa moshi wote wa safari yao. Makaa, ambayo ni moshi mtupu uliogandishwa, hulipa sehemu moja ya 45. Anayetetea mpango huo kwa jina la mazingira ana wajibu wa kueleza ni mazingira ya nani.

Wapinzani wana hoja tatu zenye uzito, na haifai kuzipita kimya.

Ya kwanza husema kuwa kodi ya mafuta ni rahisi kukusanya. Mafuta huingia kwa bandari chache, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, waagizaji wajulikana, bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi. Kodi ya hewa ya ukaa, husema, yataka vyombo vya kupima kila bomba la moshi, nayo nchi maskini haina vyombo hivyo. Hoja hii imejengwa juu ya kutoelewa. Hewa ya ukaa haina haja ya kupimwa ikiwa angani, kwa sababu hujulikana ingali ardhini: tani ya makaa ya aina fulani hutoa kiasi fulani, na lita ya dizeli kiasi fulani. Kodi hii hukusanywa langoni mwa machimbo na bandarini, si katika bomba. Kitakiwacho ni mizani na daftari. Nchi iwezayo kulipima lori ekseli kwa ekseli Makambako haiwezi kudai kuwa imeshindwa kupima makaa langoni Mbinga.

Ya pili husema kuwa kodi ya hewa ya ukaa itawaumiza maskini. Hoja hii ina ukweli, na wapenzi wa kodi hii waipuuzao ni wapumbavu. Nchini Ufaransa, mwaka 2018, kupandishwa kwa kodi ya mafuta kwa jina la tabia ya nchi kuliwatoa watu barabarani wakiwa wamevaa vizibao vya manjano, na mwezi Desemba serikali ikarudi nyuma. Nchini Kanada kodi iliyomhusu mnunuzi wa mafuta ilifutwa mwezi Aprili 2025, ingawa sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa ikirudishwa kwa watu. Na hapa Tanzania hatari ni kubwa zaidi kuliko huko. Jikoni kwa wengi pangali na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya watu waachane navyo ifikapo mwaka 2034. Atakayetoza gesi ya kupikia kwa sababu nayo ina kaboni atakuwa amemrudisha mama msituni na shoka, na miti itakayoanguka italipa kodi ambayo haikuandikwa katika bajeti.

Lakini hoja hiyo haiikatazi kodi. Huonyesha mahali pa kuiweka. Isiwekwe kwanza jikoni, wala katika kibatari, wala katika gunia la viazi. Iwekwe kwanza mahali ambapo moshi ni mwingi, wenyewe ni wachache, na mkono wa ushuru wa barabara haufiki: katika makaa ya mawe na matanuru makubwa. Na itanguliwe au iandamane na badala. Mfano haupo mbali. Kwa miaka mingi Songea iliangaziwa kwa jenereta za dizeli. Bei ya dizeli ilipanda na kushuka, na jenereta zikaendelea kunguruma, maana watu hawakuwa na njia nyingine. Zilinyamazishwa mwaka 2018, ulipowashwa umeme wa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa na serikali kwa msaada wa Sweden. Waya ulifanya katika mwaka mmoja kazi ambayo ushuru haukuifanya katika miaka yote. Kodi isiyo na badala ni adhabu tu. Kodi inayonunua waya ni mpango. Na yafaa kukumbuka kuwa Sweden hiyo hiyo ilianza kutoza hewa ya ukaa mwaka 1991, na ilipoanza ilipunguza kodi nyingine, ili raia aone kuwa mkono mmoja umetwaa na mwingine umerudisha.

Ya tatu husema kuwa Tanzania haikulichafua anga. Mtanzania mmoja hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa, ilhali wenye viwanda vya kale wametoa kwa karne mbili. Kwa nini basi ajitoze yeye? Kwa upande wa haki ya dunia hoja hii haina jibu, na wala haifai kujibiwa. Deni la Ulaya na Marekani ni lao. Lakini swali la Ludewa ni jingine. Katika wilaya hiyo ya mkoa wa Njombe iko Mchuchuma, ambako hutajwa akiba ya tani milioni 428 za makaa ya mawe, na jirani yake ni Liganga yenye chuma. Mkataba wa kuvichimba ulitiwa sahihi mwaka 2011 baina ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina, pamoja na mpango wa kuzalisha megawati 600 za umeme wa makaa. Miaka imepita na mpango umechelewa. Kuchelewa huko, kulikowahuzunisha wengi, kumeacha nafasi moja njema: sheria yaweza kuandikwa kabla ya shimo. Makaa yote hayo yakichomwa, kwa kadirio la chini la tani mbili za hewa kwa tani moja ya makaa, ni zaidi ya tani milioni 800. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa namna hiyo hujengwa na wajukuu.

Tena iko sababu ya mfukoni kabisa. Mpango wa Umoja wa Ulaya wa kutoza kaboni mpakani uliingia katika kipindi chake kamili mwezi Januari 2026, nao wahusu chuma, simenti, mbolea na bidhaa nyingine. Chuma kitakachoyeyushwa kwa makaa kikapelekwa huko kitadaiwa malipo kwa kadiri ya hewa iliyotoka katika kukitengeneza. Lakini sheria hiyo hukubali kupunguza malipo ikiwa mtengenezaji amekwisha kulipa bei ya kaboni katika nchi yake. Ushuru wa barabara hauhesabiwi, mrabaha hauhesabiwi, kodi ya hewa ya ukaa yahesabiwa. Basi kwa chuma hicho swali la kulipa au kutolipa limekwisha kuamuliwa kwingine. Lililobaki ni kama fedha italala Ludewa au Brussels. Afrika Kusini, nchi iliyojengwa juu ya makaa, iliona hayo mapema: mwezi Juni 2019 ilianza kutoza randi 120 kwa tani, na katika petroli na dizeli ikatenga senti 9 na senti 10 za kodi hiyo, zikiwa mbali na ushuru wa mafuta uliokuwapo. Kila malipo yalibaki na jina lake.

Hapo ndipo lilipo jawabu. Ushuru wa mafuta na uitwe ushuru wa barabara, na utengeneze barabara, na anayeutetea autetee kwa lami. Ile tozo ya nishati vijijini iliyoanzishwa mwaka 2013 juu ya mafuta na ibaki kuwa ya nyaya na nguzo. Mafuta ya taa yasamehewe dhambi ya wachakachuaji, ambayo hayakuitenda. Kisha kodi ya hewa ya ukaa iandikwe peke yake katika sheria yake: ianzie langoni mwa machimbo ya makaa, ianze ndogo, na kupanda kwake kutangazwe miaka mbele ili mwenye kiwanda apate kununua mtambo mwingine, na hesabu ya mapato na ya moshi zitolewe pamoja kila mwaka, katika ukurasa mmoja. Fungu la kwanza la fedha lirudi kwa halmashauri zilizochimbwa na zilizopitiwa, la pili liende katika umeme na majiko. Mkulima wa Njombe apandaye misonobari na miwati, ambaye kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 humwita kuuza hewa aliyoisafisha, ataona basi kuwa sheria ina pande mbili: asafishaye hulipwa, achafuaye hulipa. Leo aona upande mmoja tu.

Waungwana wa vyuo wenye kuendelea kuiita tozo ya dizeli kodi ya mazingira wanaipa serikali udhuru ambao haikuuomba na mwenye tanuru zawadi ambayo hakuistahili. Kazi ya msomi ni kuviita vitu kwa majina yake, na akishindwa hiyo hapana nyingine aliyobakiwa nayo. Hata hivyo, kama elimu ya vitabu haitoshi kuwaonyesha, na wapande basi mpaka Makambako, wasimame mizanini asubuhi moja ya baridi. Lori la viazi litapita, lori la makaa litapita, na mizani itasema kweli juu ya uzito wa yote mawili. Juu ya moshi haitasema neno, kwa sababu hapana aliyeiuliza.